Nusu Saa ya Kigongo

Gari ambalo Mayala alipewa na baba yake mkubwa lilikuwa na sifa moja, na ukoo mzima uliijua kama sala ya kabla ya kula: halijawahi kuchemsha. Mzee Masele aliitaja sifa hiyo misibani, aliitaja kwenye kipaimara cha wajukuu, na kama ungemwacha peke yake na mbuzi wa jirani, mbuzi naye angeondoka anajua. Miaka kumi na moja akiwa afisa mifugo, kila wiki Mwanza kwenda Geita na kurudi, na gari lenye tabo ya kuipa injini nguvu, lenye tundu la hewa juu ya boneti kama pua ya mtu aliyekasirika, na sindano ya joto haikuwahi kupanda. Alikuwa akiliita Mtamba. Aliwahi kuisifia afya yake mbele ya ng'ombe halisi.

Alipostaafu, na goti lake la kushoto likastaafu wiki hiyo hiyo, alimkabidhi Mayala ufunguo mbele ya watu, akamwambia amtunze Mtamba kama yeye alivyomtunza.

Shida ilianzia hapo hapo.

Mayala alikuwa na miaka ishirini na tisa na kaduka ka kuchapa fulana pale Buhongwa: fulana za misiba, za mahafali, za timu ambazo zilifungwa kabla rangi haijakauka. Kuhusu injini alichojua kwa uhakika ni kwamba iko mbele. Lakini Jumamosi hiyo alikuwa anapeleka wazee Sengerema, nyumbani kwa kina Paskazia, mchumba wake, kumposa, na baba yake mzazi alikuwa amefariki tangu Mayala yuko kidato cha pili. Msemaji wake alikuwa Mzee Masele. Muda waliopewa ulikuwa saa nne asubuhi, na aliyeutoa alikuwa Mzee Chenge, baba yake Paskazia, ambaye aliwahi kumrudisha mposaji wa binti yake mkubwa kwa kuchelewa. Mposaji huyo alijitetea kwamba alipata pancha. Mzee Chenge alimwambia aipose hiyo pancha.

Kwa hiyo Alhamisi, alipoona maji ya rejeta yamepungua tena, Mayala hakutaka kubahatisha. Alilipeleka gari kwa fundi Sharon, na Mzee Masele akapanda naye, kuhakikisha Mtamba hatukanwi.

Sharon Ogweno alikuwa Mjaluo wa Rorya, mwembamba, mpole wa sauti, mwenye gereji ya turubai na kontena moja kando ya barabara ya Shinyanga. Alimwamkia mzee shikamoo, akaambiwa marahaba, akaambiwa pia kwamba gari hili halijawahi kuchemsha. Alisema amesikia. Kisha akasubiri injini ipoe, akasubiri muda mrefu mpaka Mayala akaanza kudhani fundi kasahau kazi, ndipo akafungua mfuniko wa rejeta.

Kilichoonekana ndani kilikuwa uji wa ulezi. Sharon alimulika tochi, akachovya waya, akauzungusha, na waya ukarudi na kitu kidogo nchani. Alikifuta kwenye suruali, akakiweka kwenye kiganja cha Mzee Masele. Kilikuwa ganda la konokono, dogo kama punje ya mtama.

"Mzee, huyu ni abiria wako?"

Mzee Masele alilitazama bila aibu yoyote. Akaeleza kwamba kila safari, pale Kigongo wakisubiri kivuko, alikuwa anashuka na dumu lake, anachota maji ya ziwa, anamnywesha Mtamba mpaka juu. Maji ya ziwa yana ubaya gani, watu si wanayanywa? Sharon akamuuliza kama alikuwa anayachemsha kwanza kabla ya kunywa. Mzee akasema ndiyo, yake. Ya gari hapana. Mayala alijifanya anasoma bango la baba lishe wa ng'ambo.

Halafu Sharon akafungua mahali panapokaa temostati, kale kamlango kanakoamua maji yaende kwenye rejeta saa ngapi na kiasi gani. Palikuwa patupu. Mzee Masele alisema kwa fahari kwamba aliing'oa mwenyewe, mwaka wa kwanza tu, kwa kuwa vitu hivyo vimewekwa kwa ajili ya nchi za barafu na huku kwetu vinabana maji bure. Sharon hakubishana. Alisema tu kwamba kwenye injini hii, mlango huo ukiondolewa, maji mengine yanarudi injini bila kupita kwenye rejeta kabisa, kama wanafunzi wanaoruka ukuta wasipite getini kwa mwalimu wa zamu. Yanazunguka yakiwa na moto wao ule ule. Ukitembea polepole huoni kitu. Ukipandisha mlima tabo inasukuma, utaona.

Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha kati ya vidole, akakinusa. Akafungua mfuniko wa oili akaangalia chini yake kama mtu anayekagua sufuria iliyooshwa na mtoto. Ilikuwa safi, haikugeuka maziwa.

"Gasketi haijaungua," alisema. "Ila imeanza kuandika wosia."

Mayala akaomba aelezwe kama mtu wa fulana. Sharon akamwambia injini ni nyumba ya kupanga. Kuna chumba cha moto, kuna chumba cha maji, kuna chumba cha oili, na ukuta unaowatenganisha hao wapangaji watatu ni hiyo gasketi, nyembamba kama jalada la daftari, imebanwa kati ya injini yenyewe na kichwa chake. Moto ukizidi, kichwa kinapinda. Kinapinda kidogo tu, kwa unene wa unywele, na hiyo inatosha wapangaji kuanza kutembeleana. Tabo ndiyo inaongeza fujo, maana inashindilia hewa, na chumba cha moto kinakuwa na moto wa nyumba mbili. Ukuta ukishaungua hakuna kuziba. Ni kushusha kichwa, kukichonga, na kuomba Mungu.

"Sasa mbona halijawahi kuchemsha?" Mzee Masele aliuliza, na kwa mara ya kwanza lilikuwa swali kweli.

Sharon alikaa juu ya tairi bovu. Kisha akamuuliza mzee, pale Kigongo, foleni ya kivuko ilikuwa inachukua muda gani. Mzee akasema saa nzima, siku za gulio hata mbili, bila kuhesabu muda wa kuvuka wenyewe.

"Na injini unazima?"

"Nisizime nimwagie nani mafuta?"

"Basi kivuko ndicho kilikuwa fundi wako, mzee. Kila ukifika pale linataka kuchemsha, unalipumzisha. Ukivuka linaanza upya. Sasa daraja limefunguka. Kutoka hapa mpaka Sengerema hakuna tena wa kukwambia subiri."

Mzee Masele alikuwa bado ameshika konokono wake. Alimtia mfukoni, akaenda kusimama barabarani, akawa anatazama malori.

Jioni hiyo na Ijumaa nzima Sharon aliosha njia zote za maji mpaka yakatoka meupe, akaweka temostati mpya, akaweka mfuniko mpya wa rejeta unaoshika presha, akajaza kulanti ya dukani badala ya ziwa. Lakini rejeta yenyewe, alisema, nusu ya vimirija vyake vimeziba kwa matope ya miaka, na nyingine inatoka Dar, itafika Jumatatu. Akamshauri Mayala aahirishe. Mayala akamwambia habari za Mzee Chenge na pancha. Sharon akacheka, kisha akaacha kucheka, akampa masharti na akamfanya ayarudie kama mtoto wa mafundisho. Usiikanyage mpaka tabo ipige mluzi. Sindano ikipita katikati, zima kiyoyozi, washa hita, uvute joto lije ndani. Ukisimama, iache iungurume dakika tatu bila kukanyaga mafuta, tabo ipoe, ndipo uzime. Usifungue rejeta ya moto. Usimwagie maji baridi.

"Na Kigongo usimame nusu saa. Hata sindano ikiwa imelala, simama. Fanya kama kivuko bado kipo, Ngosha."

Nusu saa hiyo Mayala aliiweka kwenye hesabu ya safari. Wangeondoka saa mbili na robo. Asichokiweka kwenye hesabu ni shangazi yake Modesta, dada yake Mzee Masele, aliyetoka Bujora alfajiri, akafika Kisesa, akagundua amesahau kitenge cha kuvaa mbele ya wakwe, akarudi. Waliondoka Buhongwa saa tatu kasoro dakika kumi. Nusu saa ya Sharon ilikuwa imeliwa na kitenge.

Mpaka Usagara sindano ilikaa chini ya katikati, mahali pa sindano yenye adabu. Mzee Masele alikuwa mbele, suti ya kahawia, anapitia maneno yake ya posa kwa kunong'ona. Shangazi Modesta alikuwa nyuma anampa Mayala habari za wanaume waliowahi kuchelewa kuposa na jinsi walivyozeekea peke yao. Jua lilikuwa limeanza kazi mapema. Kwenye kilima cha kwanza baada ya kukunja kulia, Mayala alisikia mluzi mdogo wa tabo chini ya mguu wake, akapunguza. Kwenye kilima cha pili alipunguza zaidi, na lori la mbao likampita, na Mzee Masele akaligeukia lile lori, kisha akamgeukia Mayala.

Sindano ikafika katikati. Ikapita, kwa unene wake yenyewe.

Mayala akazima kiyoyozi na kuwasha hita mpaka mwisho.

Ilichukua kama nusu dakika wazee kuelewa kwamba upepo ule wa tanuri haukuwa bahati mbaya. Shangazi Modesta aliuliza kama wanaenda kuposa au kuokwa. Mzee Masele alilegeza tai. Mayala akaeleza, jasho linamtiririka kwenye kope, kwamba fundi kasema. Mzee Masele akasema huyo fundi ni mtoto wa jana, na yeye amepita barabara hii miaka kumi na moja. Alipotaja miaka kumi na moja sauti yake ilipungua katikati, kama mtu aliyekanyaga mahali ambapo ngazi haipo.

Sindano ilirudi kidogo. Ikakaa. Haikushuka.

Saa tatu na dakika ishirini na tano daraja lilionekana mbele, refu, jeupe, limenyooka juu ya maji kana kwamba ziwa halikuwahi kumsumbua mtu. Magari yaliingia na kupotea ng'ambo bila hata kupunguza mwendo. Wakipita moja kwa moja wangefika Sengerema na dakika chache za kupangusa jasho. Mayala alijua. Mzee alijua. Shangazi alilisema kwa sauti.

Mayala akakata kushoto, akaingia njia ya zamani ya kivukoni.

Alisimama karibu na vibanda vilivyofungwa, pale foleni ilipokuwa inaanzia. Aliiacha injini iungurume, akazihesabu dakika tatu kwenye simu, akazima. Feni iliendelea kuzunguka peke yake, kisha ikanyamaza. Wakati huo Mzee Masele alikuwa ameshafungua mlango, ameshazunguka nyuma, na kabla Mayala hajajua kinachoendelea mzee alikuwa anatembea kuelekea majini, suti na goti na yote, ameshika dumu lake la njano. Alikuwa amelipakia bila kumwambia mtu.

Mayala akabaki kwenye kiti. Alimtazama anavyochuchumaa kwa shida pembeni ya ziwa, anavyolizamisha dumu kwa mkono uliozoea. Alifikiri kwamba kama wangepita tu na injini ikavumilia, kila mtu angesema fundi muoga. Na sasa kwa kuwa wamesimama, hakuna atakayejua kamwe kama ilikuwa lazima. Kitu kikivunjika, watu wanakusanyika, wanatoa pole, mtu anasimulia mpaka uzee. Kisipovunjika anabaki mpumbavu mmoja kivukoni, amechelewa kwenye posa yake mwenyewe, na hana hata pancha ya kuonyesha.

Mzee Masele alirudi, dumu limejaa, kitambaa begani cha kufungulia mfuniko. Alisimama mbele ya gari.

"Fungua boneti."

Kishikio cha boneti kilikuwa ndani, chini ya usukani, karibu na goti la Mayala. Mayala alikitazama. Huyu ndiye aliyemlipia ada ya kidato cha tatu na cha nne. Huyu ndiye pekee ambaye baada ya saa moja angesimama mbele ya Mzee Chenge na kumwombea mke, na angeweza pia kusimama pale akakohoa tu, akakaa.

"Baba mkubwa, naomba unisamehe," alisema. "Sifungui."

"Unasemaje?"

"Bado lina moto. Sifungui."

Mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa anapita alipunguza mwendo ili asikie vizuri. Mzee Masele alihamisha dumu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na ng'ombe wake mwenyewe. Alisema kwa sauti ya chini kwamba basi yeye, miaka yote hiyo, alikuwa anamuua Mtamba kwa mikono yake, ndivyo tunavyosema sasa? Ndivyo mtakavyosema nikifa? Mayala alishika usukani wa gari lililozimwa, kwa nguvu, kama yuko kwenye kona.

Aliyejibu ni shangazi Modesta, kutoka kiti cha nyuma, bila kugeuza kichwa, akijipepea na bahasha ya posa.

"Masele. Chungu cha mama, kile cha mlenda. Nani alikipasua?"

Mzee akalishusha dumu chini.

"Kilikuwa jikoni kimeshika moto, mboga inaungua. Ukakimbia na kata ya maji ya baridi, ukamwaga. Ulitaka kusaidia. Pwaa, vipande viwili. Ukasema ni mimi, nikachapwa mimi." Alijipepea. "Nilikuwa na miaka sita. Sijasahau, nilikuwa nasubiri siku yake tu."

Ziwa lilipiga mawe mara mbili, mara tatu. Mzee Masele alilitazama dumu, akaitazama boneti, na Mayala aliona kitu kinapita usoni mwake taratibu, kinatafuta pa kukaa. Kisha mzee akavuta jiwe, akakalia, akanyoosha lile goti bovu, na akaanza kuosha viatu vyake kwa maji ya dumu, kimoja kimoja, kwa makini, mpaka vumbi lote la Usagara likaisha. Alipomaliza alisema ukifika kwa watu na viatu vichafu wanajua umetoka mbali. Maji yaliyobaki akampa Modesta anawe uso.

Walikaa. Mzee akaanza kuelekeza kwa kidole pale mama wa karanga alipokuwa anakaa, pale askari wa geti alipokuwa anasinzia, pale siku moja dereva wa basi alipokuwa amelala mpaka kivuko kikaondoka na abiria wake wote, walioingia kwa miguu, basi likabaki. Alisema alikuwa anakichukia kivuko kile. Alisema wiki ya daraja kufunguliwa alikuja hapa kwa pikipiki, akakaa, hakujua anasubiri nini. Mayala alisikiliza. Nusu saa ilipotimia hakuna aliyekuwa anaitazama saa.

Waliwasili Sengerema saa nne na dakika thelathini na tano. Mzee Chenge alikuwa sebuleni, mrefu, mkavu, amevua saa yake ya mkononi na kuilaza juu ya meza mbele yake kama refa. Mposaji haruhusiwi kusema. Mayala alikaa mwisho wa mkeka na kuinamisha kichwa, akawa anavitazama viatu safi vya baba yake mkubwa, maana ndivyo pekee alivyoweza kuona.

Waliulizwa kwa nini wamechelewa. Mzee Masele alisimama. Alichukua muda, kwanza kwa sababu ya goti, kisha kwa sababu zake.

"Mzee mwenzangu, saa nne tungefika," alisema. "Gari lilikuwa linakuja. Huyu kijana akalisimamisha."

Mayala akazidi kuinamisha kichwa.

"Mimi nikataka kulifungua, nilimwagie maji, twende. Akanikatalia. Mimi, niliyemlea. Amekaa ndani ya gari, ameshika usukani, ananiomba msamaha na ananikatalia. Nilikasirika. Hata sasa nimebakiza kidogo." Watu walicheka kidogo, wakaacha walipoona Mzee Chenge hacheki. "Kwa hiyo tunayemleta ndiye huyo. Hajui mengi. Fulana zake zinachuja. Ila ni mtu anayesimama kitu kikiwa bado hakijavunjika, na mimi kwa umri huu ndiyo kwanza najifunza. Kama haiwafai, tutarudi nyumbani. Gari letu ni zima."

Mlango wa uani ulisogea kidogo, na Mayala akajua bila kuinua macho ni nani aliyekuwa nyuma ya mlango.

"Pancha hamkupata?" Mzee Chenge aliuliza.

"Hatukupata."

Mzee Chenge aliichukua saa yake mezani. Aliivaa polepole, akafunga mkanda. Akasema faini ya kuchelewa iko pale pale, kreti mbili za soda, na kwamba wageni wakae vizuri, wanaletewa maji ya kunawa.

Waliondoka kama saa kumi alasiri, wameshiba, wamekubaliwa, shangazi Modesta anaimba kwa kunong'ona huko nyuma. Jua lilikuwa limeshalegea na barabara ilikuwa inateremka sehemu nyingi. Sindano ililala chini ya katikati na haikuonyesha dalili yoyote ya kutaka kuamka. Daraja lilipotokea mbele, Mayala aliingiza gia, tayari kupita.

"Simama hapo Busisi, kwenye kivuko cha upande huu," alisema Mzee Masele.

Mayala akamwonyesha sindano. Mzee akasema ameiona, ana macho. Simama.

Mayala akasimama. Akaiacha injini iungurume, na mzee akazihesabu dakika tatu mwenyewe, kwa sauti, kisha akaruhusu izimwe. Dumu lilikuwa tupu chini ya miguu yake. Alitoa kile kiganda cha konokono mfukoni mwa koti, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akakirusha dirishani kuelekea ziwani, hakikufika. Wakakaa hivyo, madirisha wazi, wanatazama magari ya watu wengine yakipanda daraja.

Baadaye Mayala alishika ufunguo. Mkono wa mzee ukaja, ukaufunika wake.

"Bado dakika mbili," alisema.